Namba Sabini Haikuitika

"Kamba ilikuwa tupu!"

"Ilikuwa tupu kwa sababu mwenyewe nilikuwa safarini!"

"Wiki mbili nzima! Kamba inapigwa na jua bure, mimi nina taulo thelathini za wateja na ovaroli za mume wangu. Nizianike wapi, kichwani?"

"Anika kichwani, si ndiko unakopatia riziki!"

Ua mzima ulicheka. Hata aliyekuwa bafuni, mapovu machoni, alisikika akicheka peke yake kule ndani. Ugomvi wa Jumamosi asubuhi kwenye ua wa vyumba saba una raha yake: hauna kiingilio, na kila mtu ana kiti cha mbele. Upande huu alisimama Msusi, mikono kiunoni, kitana kimechomekwa nyweleni. Upande ule Fundi Cherehani, mama wa makamo mwenye sauti ya kengele, aliyerudi jana jioni kutoka kumhudumia bintiye aliyejifungua, akakuta kamba yake imeota taulo za watu.

Waya alikuwa ameketi kizingitini kwake na kikombe cha chai, kandambili miguuni, moja ya bluu na moja ya kijani, maana wenzao walishapotea siku nyingi. Waya halikuwa jina lake. Jina lake lilibaki kwenye kitambulisho cha kazi tu. Alikuwa fundi wa mtandao katika kiwanda cha sabuni kule mwisho wa barabara, na kwa kuwa ndiye aliyewavutia majirani intaneti kwa nyaya zilizopita juu ya bati kama utando wa buibui, ua ukampa jina hilo naye akalipokea. Msusi peke yake ndiye aliyemwita wifi. Mume wa Msusi alikuwa mwendesha boila katika kiwanda hichohicho, akamzoea Waya kazini mpaka akamwita dada, na mkewe aliposikia akadai haki yake: "Kama ni dada wa mume wangu, basi ni wifi yangu, na nina ruhusa ya kumchamba."

"Halafu mimi nilibisha hodi," Msusi alikuwa anasema, akiwageukia mashahidi. "Waulizeni hawa. Kabla sijagusa kamba ya mtu nilibisha mlangoni kwake siku tatu. Hodi, hodi, hodi. Kimya. Nikajua hamna mwenyewe."

"Kutoitika ndiyo kuhama?" Fundi Cherehani akauliza. "Mtu akinyamaza tu, basi mnamrithi?"

Watu wakacheka tena. Waya hakucheka.

"Usinikere, mama," Msusi akaendelea. "Ovaroli lazima zikauke leo. Boila imewashwa alfajiri, baada ya wiki mbili za kuikwangua, na mume wangu ndiye aliye zamu mpaka jioni."

Waya akakiweka kikombe chini polepole.

Maana wiki mbili hizohizo, kiwanda kilipofungwa ili boila ikwanguliwe na kukaguliwa, yeye alikuwa ofisini akipanga anwani za mtambo mpya wa kuhifadhi data. Kiwanda kilinunua kabati kubwa la chuma la kuwekea kila kumbukumbu: michanganyiko ya sabuni, picha za kamera za geti, mishahara, barua. Kabati kama hilo halichomekwi ukutani tu kama pasi. Linataka anwani, yaani namba za kulitambulisha kwenye mtandao, na halitosheki na moja. Lina vichwa viwili, ili kimoja kikifa kingine kiendelee na kazi, na kila kichwa kina milango yake. Jumla namba kumi na sita. Na kampuni iliyoliuza ikasisitiza zifuatane, isirukwe hata moja.

Shida ilikuwa daftari. Aliyemtangulia Waya katika kazi ile aliweka orodha ya namba kichwani mwake, na alipoacha kazi akaondoka na kichwa chake. Basi Waya akafanya wanavyofanya mafundi wasio na daftari: akaita. Unaiagiza kompyuta ibishe hodi kwenye kila namba, ya kwanza mpaka ya mwisho. Yenye mwenyewe inajibu, isiyo na mwenyewe inanyamaza. Zilizojibu akazipaka nyekundu kwenye jedwali, zilizonyamaza kijani. Na katikati ya jedwali akaona neema: kuanzia sitini na moja mpaka sabini na sita, zote kimya, zimejipanga kama zilikuwa zinamngoja yeye. Kwa kuwa alikuwa mwangalifu, alibisha siku tatu tofauti. Kimya. Akaziandika, akatia sahihi.

Siku tatu tofauti, zote ndani ya wiki mbili ambazo nusu ya kiwanda ilikuwa imezimwa umeme.

Sasa, pale kizingitini, alilipitia lile jedwali kichwani, nyekundu moja baada ya nyingine. Zote alizipa majina: kamera, mashine za kuchapa, simu za maofisini, mzani wa lori. Kulikuwa na kisanduku cha kijivu kule kwenye boila, ukubwa wa kopo la maziwa, kinachopima maji ndani ya boila na kuipeleka namba kwenye skrini ya mwendesha boila na kwenye pampu. Alikiona mara ngapi alipokwenda kupiga soga na kaka yake! Hakuna nyekundu hata moja aliyoipa jina la kisanduku hicho.

Basi kilikuwa kwenye kijani.

Akakumbuka na namba. Chini kabisa kwenye pembe ya skrini ile, kwa maandishi ya sisimizi, kuna anwani inayoishia na sabini. Kaka yake aliwahi kuitania: "Unaiona hiyo, dada? Ndiyo umri wangu wa kustaafu."

Ukiupa mtandao vitu viwili vyenye namba moja, hauulizi nani alitangulia. Unamsikiliza anayepiga kelele zaidi, na kabati jipya lingekuwa na kelele kuliko kisanduku kidogo cha kijivu. Kisanduku kingeendelea kupima, kingeendelea kusema, na asingekisikia mtu. Skrini ingebaki imeganda kwenye namba ya mwisho iliyoipata. Pampu ingeiamini namba hiyo na kukaa kimya, ikidhani maji yapo. Na moto chini ungeendelea kuwaka.

"Saa ngapi?" Waya akauliza.

"Saa nne kasoro ishirini," mtu akajibu. "Kwani unatakiwa mahakamani?"

Mafundi wa kampuni walisema watawasha kabati saa nne. Meneja alikuwa amemwambia yeye apumzike. Amekwisha panga, amekwisha tia sahihi, awaachie waunganishe. Akapiga simu ya fundi mkubwa. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga ya fundi mdogo. Ilikuwa imezimwa. Kaka yake hakuwa wa kupigiwa, kwa kuwa sheria ya chumba cha boila inataka simu iachwe chumba cha kubadilishia, pamoja na nguo za nyumbani. Akampigia Meneja, naye akapokea huku nyuma yake kuna kelele za watoto.

"Boila na kabati la data, wapi na wapi?" Meneja akasema.

"Bosi, ni mtandao mmoja. Hatukuwahi kuutenganisha. Namba ya kipimo cha maji nimelipa kabati."

"Waya, umechoka. Ulale. Jumatatu tutaongea." Akakata.

Akaandika ujumbe kwa fundi mkubwa: CHOMOENI NYAYA ZA KABATI SASA HIVI. SABINI INA MWENYEWE. Akatuma, akainuka, akatimua mbio.

"Wifi!" Msusi akaita. "Unakimbilia wapi na kandambili? Njoo uamue kesi!"

Waya aligeuka. Nyuma ya Msusi, ovaroli mbili za bluu zilikuwa zinaning'inia, mikono imelegea, miguu imelegea, hamna mtu ndani yake. Akageuka akapita getini.

Kutoka uani mpaka kiwandani ni dakika ishirini kwa mwendo wa kwenda kazini. Alipita duka la vipuri akikimbia, akapita foleni ya watu kwenye mashine ya kutolea pesa, watu wakamwangalia wakadhani kaibiwa au kaiba. Alipofika kwenye mfereji wa maji ya kiwanda, ule wenye povu jeupe mwaka mzima, kifua kilikuwa kinawaka. Macho yake hayakutoka kwenye dohani iliyokuwa mbele, ikitoa moshi mwembamba, mtulivu, kama siku yoyote. Huo utulivu ndio uliomtisha. Alitamani aone kitu kimeharibika ili ajue kimeharibika kiasi gani.

Ndipo maneno ya kaka yake yakamrudia, maneno ya siku moja ya mvua walipokuwa wanapiga soga kwenye joto la boila. "Watu wanadhani boila inaua kwa kukosa maji," alisema, akipuliza chai yake. "Wapi! Inaua kwa kupewa maji baada ya kukosa. Chuma kimeshakuwa chekundu kule ndani, wewe unaingiwa na huruma, unakinywesha maji baridi. Yanageuka mvuke papo hapo. Wewe, mlango, na ukuta mnaondoka pamoja. Ikikauka, dada, unafunga pampu, unazima moto, unakwenda zako."

Waya akasimama katikati ya barabara kama aliyepigwa kofi.

Ujumbe. Alikuwa amewaambia wachomoe nyaya. Wakichomoa kabati, namba sabini inamrudia mwenyewe. Kisanduku cha kijivu kinasikika tena, kinasema maji hakuna, na pampu, kwa utii wake wote, inasukuma maji baridi. Kama kabati lilikuwa bado halijawashwa, hakuna neno. Lakini kama lilikuwa limewashwa muda mrefu, basi alichokituma kwa simu ile hakikuwa msaada. Kilikuwa kiberiti.

Akaitoa simu. Ujumbe ulikuwa umefika. Haukuwa umesomwa. Akaubonyeza, akakosea mara mbili, akaufuta. Halafu akakimbia tena, na sasa alikuwa anasema peke yake, kwa sauti, "Wasiwe wamewasha, wasiwe wamewasha."

Mlinzi wa geti alikuwa kwenye kibanda chake, redio sikioni, miguu juu ya meza.

"Wale mafundi wa kabati," Waya akahema, "wameanza saa ngapi?"

"Wale? Wameingia saa mbili kamili. Walisema wamalize mapema, jioni wana mpira." Mlinzi akamtazama kuanzia juu mpaka chini akaishia miguuni. "Dada, na hizo? Bango hilo hapo. Kandambili marufuku. Sheria uliitia sahihi wewe mwenyewe."

Saa mbili. Basi kabati lingekuwa limewashwa zamani.

"Nipe mabuti yako."

"Na mimi nivae nini?"

"Wewe unakaa! Nipe, nakuomba, kaka yangu atakufa!"

Mlinzi alikuwa mtu wa maneno mengi, na barabara nzima inamjua hivyo, lakini siku hiyo alivua mabuti bila kusema neno. Yalikuwa makubwa, mguu ulielea ndani. Waya alivuka uwanja wa kiwanda kwa mabuti yale, kop, kop, kop, kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Kulia kulikuwa na jengo la ofisi lenye chumba cha seva. Kushoto, nyumba ya boila. Miguu ilitaka kwenda kulia, kwenye kosa lake, akalisahihishe. Akailazimisha kwenda kushoto.

Ndani joto lilimpokea kama mkono usoni. Boila ilikuwa pale, pipa la chuma refu kuliko lori, ikinguruma kwa sauti ile inayosikika tumboni kabla ya masikioni. Kaka yake alikuwa ndani ya kibanda chake cha vioo, ameketi mbele ya skrini, akipiga mluzi. Akamwona, akatabasamu.

"Dada! Leo si mapumziko? Na hayo mabuti, umeajiriwa bustani?"

"Maji," Waya akasema.

"Yapo kwenye jagi hapo."

"Maji ya boila! Yako wapi?"

Akaigeukia skrini. "Sitini na mbili. Sawasawa kabisa."

"Imekuwa sitini na mbili tangu lini?"

Mwendesha boila aliitazama skrini tena. Waya aliona tabasamu likimtoka usoni polepole, kama rangi inavyotoka kwenye nguo. Maji ya boila hayatulii. Yanapanda, yanashuka: sitini na tatu, sitini, hamsini na nane, sitini na moja, siku nzima. Miaka kumi na minne alikuwa anaziangalia namba zile zikicheza.

"Nilipokunywa chai ilikuwa sitini na mbili," akasema taratibu. "Saa mbili na nusu."

"Tazama kioo."

Kwenye ubavu wa boila yenyewe kuna bomba la kioo, wima, urefu wa mkono, linaloonyesha maji halisi bila waya wala mtandao. Zamani, kabla ya skrini, waliishi kwa kioo hicho. Kaka yake aliinuka bila kukimbia. Waya alimfuata mpaka mlangoni mwa kibanda, akamwona akipita mbele ya moto, akiinama, akikifuta kioo kwa mkono wa shati. Akakitazama. Akakifuta tena. Halafu akageuza uso, na Waya hakuhitaji kuuliza. Uso wake ulikuwa umekuwa wa majivu.

"Usiguse kitu chochote," akasema. Hakupaza sauti. "Dada, toka nje. Toka polepole, halafu ukifika nje kimbia."

Akaanza kurudi kwenye kibanda, kwenye swichi ya pampu. Hatua saba. Waya angeweza kuapa mpaka leo kwamba zilikuwa saba, maana alizihesabu.

Alipofika ya tatu, namba kwenye skrini ikatikisika.

Sitini na mbili ikatoweka. Kwa kupepesa jicho moja hakukuwa na kitu. Halafu ikatokea namba mpya, nyekundu: 4. Pembeni ya ukuta, pampu ikakohoa.

Walikuwa wamechomoa.

Kaka yake aliruka. Mtu mnene yule, mwenye goti bovu, anayepanda ngazi kwa kulalamika, aliruka hatua nne kwa moja, akapita mlangoni akimsukuma Waya ukutani, akaliangukia lile bonyezo jekundu kwa kifua chake chote. Pampu ilikohoa mara ya pili, ikakwama, ikanyamaza. Kwa mkono mwingine akakata moto. Mngurumo ukashuka, ukawa mluzi, ukawa kimya.

Hawakukimbia. Walikaa sakafuni ndani ya kibanda, yeye mkono mmoja bado juu ya lile bonyezo jekundu kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa, na wakasikiliza chuma kikipoa. Ti. Ti. Kila kikilia, Waya alifumba macho.

"Yaliingia?" akanong'ona.

"Sijui."

"Yangeingia tungejua?"

"Yangeingia," kaka yake akasema, "tusingejua kitu."

Mkaguzi alikuja mchana, akasubiri boila ipoe, akachungulia kwa tochi, akatoa kichwa na kukitikisa. Mabomba ya juu yalikuwa yameanza kubadilika rangi. Maji ya pampu yalikuwa yameishia kwenye bomba la kuingilia, shubiri chache kutoka kwenye chuma cha moto. Akaandika kwamba boila isiwashwe mpaka mabomba yabadilishwe. Fundi mkubwa wa kampuni alisimama kando, jasho linamtoka, akisema na kurudia kwamba yeye alifuata jedwali. "Na ujumbe wako niliuona juu ya skrini kabla hujaufuta," akamwambia Waya. "Ulisema chomoeni. Tukalizima taratibu, tukachomoa." Hakuwa na kosa, na Waya akamwambia hivyo.

Meneja alifika saa saba, akawaita Waya na mwendesha boila ofisini, akafunga mlango. Akafungua kitabu cha zamu.

"Ripoti inataka mkosaji," akasema. "Hapa naona mwendesha boila anatakiwa kutazama kioo kila nusu saa na kutia sahihi. Mara ya mwisho ni saa moja. Hilo linatosha. Mambo ya anwani ni ya kitaalamu, nani atayaelewa? Waya, wewe andika kwamba kipimo kilikufa chenyewe. Imekwisha."

Mwendesha boila alikuwa amekaa, mikono katikati ya magoti. "Ni kweli sikukitazama kioo," akasema, akiiambia sakafu. "Niliiamini skrini."

Waya alimtazama Meneja akimsogezea karatasi. Alikuwa anaogopa kuliko alivyoogopa kule kwenye boila. Kule hakukuwa na muda wa kufikiri, na hapa muda ulikuwepo tele. Aliiona kazi yake, miaka minne aliyosoma jioni baada ya kuuza kadi za simu mchana, jina ambalo kampuni zote za mji zingelisikia. Aliona pia kwamba akiandika sentensi moja tu fupi, kesho angekuwa na kazi, na mtu wa miaka kumi na minne angekuwa nyumbani.

Hakuichukua ile karatasi. Aliomba jedwali lake lililochapishwa, lenye nyekundu na kijani, akaligeuza, akaandika nyuma yake. *Namba sabini niliigawa mimi. Niliita mwenyewe akiwa amezimwa umeme, nikaandika kuwa hayupo. Sikwenda kuangalia kwa macho. Skrini aliyoiamini mwendesha boila ilidanganya kwa sababu yangu.* Akatia sahihi kubwa kuliko ile ya kwanza.

Meneja alisoma, akavua miwani. "Unajua unachokifanya?"

"Najua."

"Jumatatu saa mbili, mbele ya wakubwa. Na mpaka hapo usiguse kompyuta ya kiwanda hiki."

Saa kumi jioni ndipo aliporudi uani. Alikuwa amezunguka mitaa mitatu isiyokuwa njia yake. Wakubwa wa Jumatatu walimtisha, lakini Jumatatu ilikuwa bado. Aliyekuwa hapa, nyuma ya pazia la maua, hatua ishirini kutoka getini, ni Msusi. Kwenye kiti cha Msusi hupita vichwa kumi kwa siku, na kila kichwa huondoka kimesukwa na kimejazwa. Mtu akitajwa vibaya pale asubuhi, jioni hata watoto wanaocheza barabarani wanalo. Na hilo nalo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba angelazimika kumtazama mwanamke yule machoni.

Alikwenda mlangoni kwake, akabisha. Pazia likafunguka mara moja, kama mtu alikuwa amesimama nyuma yake.

Msusi akaujaza mlango wote.

"Amekueleza?" Waya akauliza.

"Nani, huyo? Kasema boila imesumbua kidogo, wamefunga mapema. Kidogo! Mengine nimeletewa na mke wa mlinzi wa geti." Akakunja mikono kifuani. "Sasa nataka kuyasikia kwako."

Waya akamweleza. Hakuficha jedwali, hakuficha ujumbe, hakuficha kwamba pampu ilikohoa mara mbili. Alieleza akiwa amesimama, na alipomaliza, ua ulikuwa kimya kiasi kwamba kwenye vyumba vingine vitano mtu angedhani wamehama wote, isipokuwa kila pazia lilikuwa na sikio.

"Kwa hiyo asubuhi," Msusi akasema, "nilipokuita, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nikakutania uje uamue kesi, na wewe unajua mume wangu yuko kule. Hukuniambia."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mdomo wangu?"

"Niliogopa nikuambie, halafu nisiwahi."

Msusi alimtazama. Macho yake yalijaa, akayafuta kwa mgongo wa mkono kwa hasira, kama anayefukuza nzi. Akageuka akatazama ndani ya chumba, mgongo kwa mgeni wake.

"Na hiyo ripoti. Mke wa mlinzi anasema umeandika jina lako."

"Nimeandika."

"Watakufukuza?"

"Huenda."

"Jinga wewe," Msusi akasema, na sauti ikampasuka katikati. Akapumua. Halafu akageuka. "Umekula?"

"Sijala tangu chai ya asubuhi."

"Na kaka yako kakaa humo saa nzima mbele ya sahani. Kijiko hakifiki mdomoni, mkono unatetemeka, anasema ni baridi. Baridi, kwenye joto hili!" Akalisogeza pazia lote upande mmoja. "Usinisimamie mlangoni kama mdai, wifi. Ingia ukae naye, mtetemeke wote wawili mbele yangu niwaone. Ingia ule."